Fundi wa Sare za Radi Jazz

Fundi hakumpima mtu kimya kimya. Alikuvuta hadi kwenye mwanga wa mlango, akakuzungushia futi yake ya kitambaa, kisha akaitangaza namba kwa sauti ambayo wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara waliisikia. Kama kiuno kilikuwa kimeongezeka, na maelezo yaliongezeka. Mchungaji mmoja aliyekuja kushonewa suti ya harusi ya mwanawe aliambiwa, mbele ya waumini wake wawili, kwamba tumbo limekipita kifua na mwili wa namna hiyo haushonewi suti, hushonewa hema. Mchungaji akacheka kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Suti ilipokamilika ilimkaa vizuri mno, hata mwaka uliofuata akarudi kutukanwa tena.

Duka langu la vipuri vya baiskeli lilipakana na kibanda chake hapo mtaa wa Kambarage kwa miaka kumi na tisa. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nilijua viuno vya nusu ya mji wa Shinyanga bila kutaka. Mafundi cherehani wengine wa mtaa ule waliitwa kwa majina yao. Yeye aliitwa Fundi, basi.

Ukubwa wake haukutokana na suti. Ulitokana na Radi Jazz.

Radi Jazz ilikuwa bendi yetu. Iliundwa na vijana wa kiwanda cha kuchambua pamba, ikapiga Shinyanga, ikapiga Kahama, ikafika hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, ambako wachimbaji waliotoka shimoni na vumbi kichwani walicheza hadi kunakucha. Ilikufa kidogo kidogo, kama bendi zinavyokufa, mtu mmoja mmoja akiondoka. Lakini pale kwenye mabenchi mawili mbele ya kibanda cha Fundi haikufa. Kila Jumamosi na siku nyingi ambazo si Jumamosi, watu wazima wenye wajukuu walikaa kubishana kikosi kipi kilikuwa bora.

Tuligawanyika pande mbili. Wapo waliosema Radi Jazz halisi ni ile ya kikosi cha kwanza, yenye tarumbeta tatu na saksafoni mbili. Sisi wengine tulisema bendi ilifika kileleni baadaye, wapuliza tarumbeta walipoondoka, kinanda kikaja, na mbele akasimama mwimbaji mmoja kijana aliyeitwa Shija. Watu wa Tarumbeta na watu wa Kinanda, ndivyo tulivyojiita. Fundi alikuwa mkuu wa Tarumbeta. Mkuu wa Kinanda, kama kulikuwa na mkuu, nilikuwa mimi.

Fundi alikuwa na silaha ambayo hatukuwa nayo. Alishona sare zote za bendi ile, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mpigaji mpya alipoletwa kupimwa, Fundi alijua kuna wa zamani ameondoka kabla hata kiongozi wa bendi hajatangaza. Vipimo vyote aliviandika kwenye daftari gumu lililofungwa kwa kipande cha mpira. Ukibisha kwamba fulani alikuwemo mwaka fulani, alilamba kidole, akafunua, akakusomea urefu wa mguu wa fulani. Ubishi uliishia hapo. Akilifunga tena alipenda kusema, "Futi haina rafiki."

Nisimchafue bure. Alikuwa na mambo yake mazuri, ila aliyafanya kama mtu anayeiba. Sare za shule za watoto yatima waliolelewa na bibi zao alizishona kwa pindo refu mno, vidole vinne vizima, ili lifumuliwe mtoto akikua. Bibi akishukuru, alimkatisha na kumwambia kwamba anafanya hivyo ili asimwone tena mwaka ujao na kilio chake. Nilimwona mwanamke mmoja mzee akiondoka pale na gauni la mjukuu kwapani, hajui kama amesaidiwa au amefukuzwa.

Tena, hakuwahi kucheza. Miaka yote ile ya Radi Jazz alikwenda ukumbini, akasimama ukutani karibu na spika amekunja mikono, kofia yake imenyooka, akiangalia mishono ya makoti jukwaani. Lakini tarumbeta zikilia kwenye redio ya kibandani aliondoa mguu kwenye cherehani, na ole wako useme neno. Kijana mmoja aliuliza suruali yake itakuwa tayari lini wakati tarumbeta ya pili inaingia. Fundi aliinyanyua ile suruali, upande mmoja umeshonwa na mwingine bado, akamkabidhi, akamwonyesha barabara.

Ukatili wake wenyewe niliuona kwa mpiga ngoma.

Huyu alikuwa wa kikosi cha tatu, kile cha mwisho, ambacho hata sisi wa Kinanda tulikionea haya kidogo. Bendi ilipokufa alipata kazi ya ulinzi kwenye mgodi wa Buzwagi, na akiwa likizo alikuja kukaa nasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye viganja vikubwa, na yeye peke yake pale benchini ndiye aliyewahi kupanda jukwaani na Radi Jazz. Kila alipofungua mdomo, Fundi aliinua mkono wenye chaki akamwambia, "Wewe subiri kwanza, tunazungumzia bendi." Tulicheka. Tulicheka mara ya kwanza, na mara ya kumi tulikuwa bado tunacheka. Siku moja mpiga ngoma alijaribu kusema kwamba kikosi chao nacho kilikuwa na sare nzuri, zile za bluu. Fundi akamjibu bila kuinua macho kwamba zile alizishona kwa mabaki ya vitambaa vya mapazia, maana alijua hakuna atakayeziangalia. Yule bwana aliinuka, akaaga kwa adabu kila mtu kwa jina lake, na hakurudi. Hakuna aliyemfuata. Mimi nilikuwa karibu naye zaidi ya wote.

Sasa nifike kwa Kabula.

Alikuja dukani kwangu kununua tairi la baiskeli. Alikuwa muuguzi, amehamia karibuni kufanya kazi hospitali ya Kolandoto, na alipanga chumba hapa mjini pamoja na mama yake. Simu yangu ilikuwa inapiga wimbo wa Radi Jazz. Akasimama na tairi mkononi, akasikiliza hadi mwisho, ndipo akaniambia, "Huyo anayeimba ni baba yangu."

Binti wa Shija. Nilimpa kiti. Akanieleza kwamba hamkumbuki babaye. Alikuwa mdogo mno. Alichonacho ni picha moja na habari alizopewa na mama yake: kwamba Shija aliondoka kwenye bendi akaenda Geita kutafuta dhahabu, na kwamba shimo lilimfukia pamoja na wenzake. Kwetu hicho ni kifo kinachoeleweka. Kila ukoo una mtu wake aliyebaki chini ya kifusi, na hakuna anayekuuliza zaidi.

Ningeweza kumweleza yote niliyokumbuka juu ya baba yake palepale, nikampa nyimbo, akaenda zake. Badala yake nilimwambia aje Jumamosi. Nilimwambia wapo wazee waliomfahamu baba yake na watafurahi kumwona. Hiyo ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kwa wiki tatu Fundi alikuwa akinishinda, na nilitaka kuingia pale na binti wa Shija kama mtu anayeficha karata nzuri kwenye shati.

Akaja Jumamosi, amevaa vizuri, amesuka. Akatuamkia wote mmoja mmoja. Nilimtambulisha kwa sauti, nikasema jina la baba yake mara mbili. Watu wa Kinanda walisimama kumpa mkono. Fundi aliitikia marahaba, akaendelea kushona.

Nikaanza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema kikosi cha kwanza kilijaza ukumbi mmoja mjini, lakini Shija alijaza machimbo mazima. Kwamba nyimbo za tarumbeta zinakumbukwa na sisi wazee tu, ila za Shija zimo kwenye simu za vijana ambao hawajui hata bendi iliishi wapi. Nikamwita kijana muuza vocha aliyekuwa anapita, nikamwambia aimbe wimbo wowote wa Radi Jazz anaoujua. Akaimba wa Shija. Nikamwomba aimbe wa tarumbeta. Hakuujua hata mmoja. Benchi lote lililipuka, hata watu wawili wa Tarumbeta wakapiga makofi. Kabula alikuwa anacheka na machozi yamemlenga. Kisha nikatia la mwisho: kwamba Radi Jazz haikufa kwa sababu ya kinanda, ilikufa siku kiongozi wake alipomwonea Shija wivu akamfukuza.

Fundi aliacha kushona. Nilijua nimemshinda, nikafurahi kama mtoto. Akainama chini ya meza, akatoa daftari, akaondoa ule mpira.

Akasema hakuna aliyemfukuza Shija. Akasoma sare ya kwanza ya Shija, nyekundu: kiuno, inchi thelathini na tatu. Akafunua. Sare ya pili, mwaka mmoja baadaye: thelathini. Akafunua tena. Sare ya kijani: inchi ishirini na sita.

"Mtu mzima," akasema Fundi, "ishirini na sita. Suruali ndiyo iliyomtoa bendi. Na huko Geita hakuingia shimo lolote. Alikwenda kufia chumbani kwa mjomba wake, kwa ugonjwa ule ule uliowamaliza wengi miaka ile."

Watu wote wakainamisha macho. Mimi nilimtazama Kabula. Niliona akizipanga zile namba kichwani kama anavyozipanga za wagonjwa wake kila asubuhi, na niliona zilipokaa sawa.

"Na uzito wake, Fundi, unaujua?" akauliza.

Fundi akamjibu kwamba uzito si kazi ya cherehani.

Kabula akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Akamshukuru, akatuaga, akatoka. Hakukimbia. Aliisahau baiskeli yake imeegemea ukuta wangu, na jioni nilimtuma mtu ampelekee, kwa kuwa niliona haya kwenda mwenyewe.

Benchi lilikuwa na watu tisa siku ile. Watu tisa wana wake, wana majirani, wana simu. Kabla jua halijatua, Kambarage ilikuwa inajua. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na habari ilikwenda kanisani mapema kuliko wenye ibada.

Yaliyofuata niliyapata vipande vipande. Kabula alikuwa amechumbiwa na mwalimu. Wazee wa upande wa kijana walituma ujumbe wa upole kwamba wangengoja mavuno yapite kwanza. Mavuno yakapita, na yaliyofuata yakapita. Hilo lingeweza kupona. La mama yake halikupona.

Maana Kabula alirudi nyumbani akamuuliza mama, na mama akanyamaza. Muuguzi anajua kutafuta. Kwenye debe la karanga alizikuta dawa. Mama yake alikuwa akizitumia kwa miaka kumi na moja. Kila mwezi alimwambia binti yake kwamba anakwenda kuuza karanga mnadani, akapanda gari hadi wilaya nyingine ambako hakuna anayemjua, akachukua dawa zake, akarudi na karanga zilezile. Na binti huyo kazi yake ilikuwa kuwapa watu dawa hizohizo na kuwaambia hakuna cha kuonea aibu.

Kabula alimbembeleza. Alimwambia ni dawa kama dawa nyingine. Lakini mama yule alikuwa amejenga ile hadithi ya kifusi kwa miaka ishirini, akakaa ndani yake, na sasa wanawake kisimani walikuwa wanamwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Akaenda kwa kaka yake kijijini. Huko kila mtu angeona anakokwenda kila mwezi, kwa hiyo hakwenda kuchukua dawa. Alifariki msimu wa pamba uliofuata.

Baada ya matanga, Kabula alikuja dukani kwangu. Hakukaa. Nilikuwa nimepanga maneno, nikaanza kumsema Fundi: ulimi wake, roho yake. Alinisikiliza hadi nikachoka.

"Fundi alisoma kilichoandikwa, Baba Minza," akasema. "Aliyenipeleka pale ni wewe."

Akasema anahamia kikazi mbali, na hakunitajia wapi. Nami sikuuliza.

Mabenchi hayakukaa wazi. Ningependa kusema tulinyamaza kwa heshima, lakini tulinyamaza wiki mbili. Kisha mtu akasema neno juu ya saksafoni na tukaendelea. Aliyeharibikiwa ni Fundi, na si kwa sababu ya huruma ya mtu. Wateja walimkimbia kwa hesabu rahisi: nani angempelekea mwili wake auandike? Mama mmoja alimwambia usoni kwamba yeye ana binti, na binti hupungua na kuongezeka kama binadamu, na hataki hilo lije lisomwe barabarani. Katika miezi sita kibanda kilikuwa na vumbi juu ya pasi. Mwanawe alimfuata akamchukua, yeye na cherehani, akampeleka upande wa Geita anakofanyia kazi ya kusaga mawe ya dhahabu. Siku alipoondoka nilikuwa dukani. Nilisikia kupitia ukuta wakifunga mizigo. Sikutoka kumuaga.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Mwaka jana nilikwenda kumzika shemeji yangu katika mji mmoja wa machimbo kule, mji wa mabati na makaro ya kuoshea mchanga wa dhahabu, ambako mashine za kusagia mawe hazinyamazi. Nilikuwa natafuta gari la kurudi nilipomwona ameketi chini ya turubai na cherehani yake, kofia kichwani, anashona viroba vya kubebea mawe. Lundo la viroba lilimfika kiunoni. Amekonda, jicho moja lina ukungu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Baba Minza," akasema kabla hajageuka. Alinijua kwa sauti.

Akanisogezea ndoo nikaikalia. Aliniambia kazi ya viroba ni nzuri, kiroba hakina kiuno. Nikampa pole ya jicho. Tukazungumza juu ya mvua. Kisha nikamwambia kwamba mke wa Shija alifariki, na jinsi alivyofariki, kwani nilitaka kuona atafanya nini na uso wake. Alikuwa hajui. Aliondoa mguu kwenye cherehani.

Halafu akaanza kunieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alisema Shija alipoanza kupungua alikuja kibandani peke yake, mapema, kabla ya wateja, akamwomba amfiche. Fundi akakata blanketi. Akalishona ndani ya bitana ya lile koti la kijani, mabegani, kifuani, hadi mgongoni, na suruali akaitia vipande mapajani, ili taa zikimulika Shija aonekane mzima. Kila mwezi mwili ulipopungua, aliongeza ndani. Miezi minane Shija aliimba kwenye joto la Shinyanga na la machimbo amevaa blanketi. Nami nakumbuka tulivyolishangilia jasho lile. Tulisema huyu ndiye mwimbaji, tazama anavyojitoa.

"Hakuna aliyejua," Fundi akasema. "Hata mke wangu sikumwambia. Miaka ishirini."

Nikamuuliza kwa nini basi alisoma lile daftari siku ile, na mtoto wa mtu amesimama pale.

Alifikiri. Sidhani kama alitafuta udhuru. Alikuwa anatafuta jibu la kweli, kama anavyotafuta sindano iliyoanguka.

"Ulikuwa umenishinda," akasema.

Gari lilikuwa linapakia upande wa pili, utingo anaita Kahama, Kahama. Nilisimama, nikapangusa suruali. Fundi naye akashika ukingo wa meza kama anayetaka kusimama, akaghairi. Akaniuliza kama pale Kambarage bado wanabishana. Aliuliza akiangalia kiroba, lakini mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Jumamosi iliyotangulia wanaume wawili walikuwa wameshikana mashati mbele ya duka langu kwa ajili ya tarumbeta ya pili. Kila wiki mtu alisema, Fundi angekuwepo angelimaliza hili.

"Hapana, Fundi," nikamwambia. "Waliacha zamani. Siku hizi hakuna anayeikumbuka Radi Jazz."

Alinigeuzia lile jicho zima.

"Hata tarumbeta?"

"Hata tarumbeta," nikasema, nikavuka barabara kwenda kupanda gari.